Msiisingizie Kanuni

Kila hoja ya vichekesho vya runinga inapozuka, iwe Dar es Salaam au Nairobi, lawama huangukia mahali pamoja. Vichekesho vimeisha utamu, husemwa, kwa sababu vimeshikwa na kanuni. Mlinzi wa getini ni yule yule mwenye maneno mengi. Mke ni yule yule aliyeshuka jana kutoka kijijini. Mzee amevuta suruali hadi kifuani, tajiri ana kitambi, binti anazitaka pesa za tajiri, na mtazamaji anaujua mwisho kabla ya tangazo la kwanza. Dawa inayopendekezwa nayo ni moja: waandishi waachane na kanuni, walete kitu ambacho hakijapata kuonekana. Wazo hili limezoeleka mno, hata watayarishaji wenyewe wanapozindua kipindi huanza kwa kuapa kwamba hakifanani na kingine chochote.

Wazo hilo si la kweli, na madhara yake ni makubwa kuliko inavyodhaniwa. Linamfundisha kijana anayetaka kuandika komedi kwamba kazi yake ni kuvikimbia vilivyokwishafanywa, ilhali kazi yake ni kuvijua kimoja kimoja. Linampa mwenye kituo kisingizio pia: kipindi kikidorora, husema wazo limechakaa, hasemi kwamba aliyeandika alipewa siku mbili. Kinachoua kichekesho ni uvivu wa kuwatazama watu na papara ya kuandika. Maradhi hayo mawili hukaa raha mustarehe ndani ya kipindi kinachojiita kipya.

Ichukuliwe kanuni moja tu, huenda kongwe kuliko zote: mume anayemficha mkewe jambo. Wakenya waliitazama kwa zaidi ya miaka kumi kwenye Citizen TV, katika Papa Shirandula. Charles Bukeko, aliyefariki Julai 2020, aliigiza mlinzi wa Nairobi anayemficha mkewe Wilbroda kazi anayoifanya mjini. Siri yenyewe haina ajabu yoyote. Ngano za kila taifa zina mume kama huyo. Lakini siri hii ilikuwa na mizizi mahali maalumu. Nyumbani kijijini watu huamini kwamba aliyefika Nairobi ameula, kumbe huyo aliyefika amevaa sare na anafungua geti ili gari la mwingine lipite. Aibu hiyo familia nyingi zinaijua kwa majina ya wajomba na kaka zao. Kanuni ilikuwa ya dunia nzima. Aibu ilikuwa ya hapa, na watu waliicheka kwa sababu iliwagusa.

Kanuni hiyo hiyo iko katika mji wa Torquay, kusini mwa Uingereza. Mwaka 1979 BBC ilirusha sehemu ya Fawlty Towers ambayo Basil Fawlty, mwenye hoteli, amecheza kamari ya farasi na kushinda paundi 75. Mkewe Sybil amempiga marufuku kucheza kamari, kwa hiyo pesa lazima zifichwe. Wakati huo huo mgeni mmoja, Bi Richards, anapiga kelele kwamba ameibiwa paundi 85 chumbani. Bibi huyu hasikii vizuri, na kifaa chake cha kusikilizia hukizima ili betri isiishe. Basil anampa pesa zake yule meja mstaafu anayeishi hotelini amtunzie, na meja ni msahaulifu. Baadaye meja anazikuta hizo pesa, hakumbuki zimetoka wapi, anatangaza mbele ya watu kwamba ameziokota, na Bi Richards anazichukua akiamini ni zake.

Mtu akiwaorodhesha wahusika hao peke yao, atapata kikongwe kiziwi, mzee msahaulifu, mke mkali na mume mwoga. Hakuna hata mmoja asiyekuwepo kwenye jukwaa la vichekesho karne nyingi kabla ya televisheni. Ubunifu umekaa kwenye mpangilio. Kila paundi ina safari yake, na mtazamaji anajua kila wakati pesa ziko mfukoni mwa nani, huku waliomo chumbani wakijua robo tu ya habari. Basil anafikia dakika ambayo, kwa mara ya kwanza maishani, hesabu inamwonyesha kwamba ametoka na faida. Ndipo chombo cha kauri alichonunua Bi Richards kinapovunjika mikononi mwake, nacho bei yake ni paundi 75. Hapo ndipo kicheko kinapolipuka, na kimelipuka kwa sababu hesabu ilifungwa barabara tangu dakika ya kwanza.

Habari ya jinsi Fawlty Towers ilivyopokelewa inafaa kusomwa na kila mwenye imani ya upya kwa ajili ya upya. Mwaka 1974 skripti ya kwanza ilipofika BBC, mhariri wa skripti za komedi, Ian Main, aliwaandikia wakuu wake kwamba alichokisoma ni mkusanyiko wa mambo yaliyochujuka na wahusika wa kawaida kabisa, na kwamba haoni kingine ila maafa. Alihukumu kama wahukumuvyo wakosoaji wengi wa leo: aliwatazama wahusika, akawatambua, akawatupa. Na kweli aliwatambua sawasawa! Walikuwa wahusika wa kanuni. Kosa lake lilikuwa kudhani kwamba kumtambua mhusika kunatosha kuijua kazi. Mwaka 2000 Taasisi ya Filamu ya Uingereza ilikusanya maoni ya wataalamu na kuipa Fawlty Towers nafasi ya kwanza katika orodha ya vipindi 100 bora vya runinga vya nchi hiyo.

Sehemu zake zote ni 12: sita za mwaka 1975 na sita za 1979. John Cleese na Connie Booth, walioandika wote wawili, walitumia takriban wiki sita kwa skripti moja. Idadi hiyo ya wiki ni muhimu kuliko nadharia yoyote ya ubunifu, na hoja itairudia.

Wanaotetea upya wana shahidi wao mkubwa, naye ni Seinfeld. Hiki, wanasema, ni kipindi kilichovunja kanuni zote, kipindi kisichohusu chochote. Wanaikumbusha sehemu ya Mei 1991 ambayo watu watatu wanasubiri meza katika mkahawa wa Kichina kwa muda wote wa kipindi, na wakuu wa NBC hawakuielewa. Wanaikumbusha pia amri ya Larry David kwa waandishi wake: pasiwe na kukumbatiana, pasiwe na mafunzo. Yote hayo ni kweli, na yote hayo yanathibitisha kinyume cha wanachokidai. Amri ni kanuni. Mwandishi aliyekatazwa kumaliza kisa kwa machozi na maridhiano amefungwa kamba kali kuliko aliyeruhusiwa.

Tena kamba haikuwa hiyo moja. Seinfeld ya miaka ya kilele ilijengwa kwa visa vitatu au vinne vinavyoanza mbalimbali, kila mhusika na chake, kisha vinagongana dakika za mwisho. Februari 1994 George anamwacha mwanamke aliyesoma naye chuoni aamini uongo kwamba yeye ni mtaalamu wa viumbe wa baharini. Kwingineko, Kramer anakwenda ufukweni kupiga mipira ya gofu kuelekea majini. Kisha George na yule mwanamke wanakuta pwani nyangumi anayekata roho, watu wanaulizana kama kuna mtaalamu, na uongo unamlazimisha kuingia baharini. Anaporudi kusimulia mkahawani, anatoa mfukoni kitu alichokichomoa kwenye tundu la kupumulia la nyangumi: mpira wa gofu. Ni mwanamume anayemficha mwanamke ukweli, kanuni ya Papa Shirandula na ya Basil Fawlty, imeunganishwa na kisa cha pili kwa ustadi unaotaka vipimo vya fundi seremala. Seinfeld ilitimiza sehemu 180 kabla ya kufungwa Mei 1998. Hakuna anayezalisha kiasi hicho kwa kungojea msukumo.

Tatizo la hoja ya upya ni kwamba haijui kicheko hutoka wapi. Kicheko kinahitaji matarajio. Mtu asiyetarajia lolote hawezi kushtushwa, na mtu asiyemjua mhusika hawezi kufurahi anapomwona akitumbukia pale pale anapotumbukia kila mara. Waliokua wakisikiliza hadithi za Abunuwasi walijua tangu mwanzo kwamba Abunuwasi atashinda. Hawakuwahi kudai mwisho mwingine. Walitaka kujua safari hii atashindaje, na msimuliaji aliyekosa jibu zuri la "atashindaje" ndiye aliyeambiwa hajui kusimulia. Vivyo hivyo kwa Pwagu na Pwaguzi wa Radio Tanzania Dar es Salaam: majina yenyewe yalimwambia msikilizaji kwamba mjanja atakutana na mjanja zaidi, na watu walisogea karibu na redio wakilijua hilo.

Historia ya ukumbi wa michezo inasema hivyo hivyo. Plautus wa Roma, zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, aliandika mchezo wa ndugu mapacha wanaochanganywa na watu wa mji. Shakespeare aliuchukua mchezo huo bila haya, akawapa mapacha hao watumishi ambao nao ni mapacha. Kwa nyongeza hiyo moja mkanganyiko ulizidi mara kadhaa, na The Comedy of Errors ikawa yake. Hakubuni kanuni. Aliikaza.

Runinga imefanya kazi hiyo hiyo tangu ilipozaliwa. Steptoe and Son ilianza BBC mwaka 1962, kisa cha baba na mwana wanaonunua vyuma chakavu London, wote Wazungu, mmoja akitamani kuondoka na mwingine akimzuia. Miaka kumi baadaye NBC ikawapeleka Watts, mtaa wa Weusi wa Los Angeles, ikampa Redd Foxx nafasi ya baba, ikakiita Sanford and Son. Mifupa ni ya London, nyama na damu ni za Watts, na hakuna Mmarekani Mweusi aliyekitazama akadhani anatazama mambo ya Waingereza. Mwaka mmoja kabla, All in the Family ilikuwa imechota kutoka Till Death Us Do Part, nayo ikaongoza kwa watazamaji Marekani kwa misimu mitano mfululizo.

Mfano wa The Office unafundisha zaidi kwa kuwa unaonyesha kushindwa na kufaulu ndani ya kazi moja. Toleo la Uingereza, la 2001 hadi 2003, lenyewe liliazima sura ya vipindi vya maisha halisi vilivyojaa runinga ya nchi hiyo miaka ya 1990: kamera inayotikisika, mtu anayejieleza peke yake, ukimya mrefu wa fedheha. Wamarekani walipoanza mwaka 2005, sehemu yao ya kwanza ilifuata ya Uingereza karibu neno kwa neno, ikawa baridi. Sehemu ya pili, iliyoandikwa na B.J. Novak, ilibaki na bosi yule yule asiyejijua, ofisi ile ile na kamera ile ile, lakini ikamweka bosi huyo katika semina ya kuheshimiana baina ya watu wa rangi na asili tofauti, jambo lililokuwa likiwasumbua wafanyakazi wa Marekani kila siku. Kanuni haikuguswa. Kilichobadilika ni kwamba mwandishi aliwatazama watu wa kwao. Kipindi kiliishi hadi 2013, kikafika sehemu 201.

Afrika Mashariki nayo haikubaki nyuma. Gado, mchora katuni aliyezaliwa Dar es Salaam na kupata umaarufu Nairobi, alipoanzisha The XYZ Show mwaka 2009, alichukua umbo lililokwishajulikana: vikaragosi vya mpira vyenye sura za viongozi, kama vya Spitting Image ya Uingereza na Les Guignols ya Ufaransa. Mtu angeweza kusema huu ni mwigo mtupu. Lakini Kenya ilikuwa ndiyo kwanza imetoka kwenye machafuko ya uchaguzi wa 2007, waliogombana wamekaa katika serikali moja, na kuwaona wakizozana kama watoto sebuleni ilikuwa faraja ambayo hakuna Mfaransa angeweza kuwaandikia Wakenya. Kabla yao, vijana watatu wa Redykyulass, Walter Mong'are, Tony Njuguna na John Kiarie, walifanya mchezo mkongwe kuliko yote, kuiga sauti na mwendo wa mtu. Upya wao ulikuwa mtu waliyemwiga. Daniel arap Moi alikuwa bado madarakani, na raia waliozoea kushusha sauti wakilitaja jina lake waliona kwenye runinga zao kijana akimwigiza bila kutetemeka.

Ajabu ni kwamba wasomaji wa Kiswahili, kuliko wengine, hawakupaswa kudanganywa na hoja hii. Mjadala wake tulikwisha kuufanya katika ushairi, kwa ukali, na jibu tunalo. Amri Abedi alitoa sheria za kutunga mashairi mwaka 1954: vina, mizani, beti zilizotimia. Miaka ya 1970 wakatokea waliosema sheria hizo ni pingu, na Euphrase Kezilahabi akatoa Kichomi mwaka 1974 kwa mtindo huru. Kichomi ni kazi kubwa, na hapana haja ya kuipunguza. Lakini mwaka mmoja kabla yake ilikuwa imetoka Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, aliyefungwa jela miaka mitatu kwa waraka wa kuihoji serikali ya Kenya, na mashairi yake aliyatunga gerezani, mengi kwa vina na mizani ya mababu. Nani atathubutu kusema sauti ile haikuwa mpya kwa kuwa mizani ilikuwa ya zamani? Anayekubali kwamba tarbia inaweza kubeba ghadhabu ya mfungwa wa siasa hana sababu ya kukataa kwamba nusu saa ya mke, mume na siri inaweza kubeba maisha ya leo ya Buguruni au Kayole.

Iko hoja moja ya upande wa pili yenye uzito, na haifai kupitwa haraka. Wanasema kanuni za vichekesho vyetu zimejengwa juu ya dharau ya makabila. Mtu akisema R badala ya L, watu wacheke. Mlinzi lazima atoke magharibi ya Kenya, Mmakonde lazima awe hivi, Mchaga lazima apende pesa, Msukuma lazima asielewe taa za barabarani. Ni kweli yamefanyika hayo, na yameumiza. Hata Fawlty Towers haikusalimika: Manuel, mhudumu Mhispania asiyejua Kiingereza, aligeuzwa kuwa Mwitaliano kipindi kilipotafsiriwa kwa watazamaji wa Hispania.

Lakini lafudhi si kanuni ya komedi. Kanuni ina mtu anayetaka kitu, kuna kinachomzuia, na njia anayochagua inamzamisha zaidi. Lafudhi ni vazi. Dalili ya skripti tupu ni vazi kufanya kazi ya kisa: mwigizaji anaingia, anaongea kwa lafudhi, watu wanacheka, anatoka, na hakuna kilichotokea. Vioja Mahakamani ya KBC, iliyodumu kwa miongo, iliwaweka kizimbani akina Makokha, Ondiek Nyuka Kwota na Masanduku arap Simiti, kila mmoja na namna yake ya kusema. Siku ambazo kesi yenyewe ilikuwa na mgogoro, yaani shahidi anayejichanganya, mshtakiwa anayejikaanga kwa mdomo wake, sheria ambayo mtazamaji hakuijua, lafudhi ilikuwa kionjo tu. Siku ambazo kesi haikuwa na kitu, lafudhi ilibaki peke yake, na hapo ndipo karaha ilipoanza. Anayetaka kuondoa dharau na adai kisa kizuri zaidi. Akidai kuondolewa kwa kanuni, lafudhi itabaki na hakutakuwa na kingine cha kutazama.

Sasa irudiwe ile hesabu ya wiki sita.

Komedi ya Tanzania ilikua jukwaani kabla ya kufika kwenye runinga. Miaka ya 1980 na 1990 vikundi kama Muungano Cultural Troupe na Tanzania One Theatre vilizunguka kumbi za Dar es Salaam na mikoani vikichanganya ngoma, muziki, maigizo na vichekesho. Vichekesho vile havikuwa na skripti iliyochapwa, na kwa sababu hiyo wengi huamini kwamba kuchekesha kwetu ni kipaji cha papo kwa papo, hakuhitaji kalamu. Hapo wanakosea jambo la msingi. Mchezo wa jukwaani uliigizwa Jumamosi ukumbi mmoja, Jumapili ukumbi mwingine, na kila usiku hadhira iliuhariri. Palipokaa kimya palikatwa. Palipopigwa makofi paliongezwa. Mchezo ulipofikisha mwezi ulikuwa umeandikwa upya mara nyingi kwa vicheko vya watu, ingawa hapakuwa na karatasi.

Kamera ilipoingia, ile njia ya kuhariri ilikufa, na mahali pake hapakuwekwa kitu. Waigizaji waliendelea kutunga papo hapo, lakini sasa wanaigiza mara moja tu, mbele ya mafundi mitambo, na kilichotoka ndicho kinachorushwa. King Majuto, yaani Amri Athumani wa Tanga aliyefariki Agosti 2018, alikuwa na kipaji cha kutosha kuziba pengo hilo kwa uso wake peke yake. Alinyanyua jicho tu na watu wakaanguka. Filamu nyingi zilimtegemea hivyo, zikamwachia azibe mashimo ambayo mwandishi hakulipwa kuyaziba. Si haki kujenga sanaa nzima juu ya mgongo wa mzee mmoja mwenye kipaji, kisha akiondoka tuseme kanuni zimechoka.

Linganisha na Ze Comedy ilipoanza EATV, na baadaye kundi hilo lilipohamia TBC1 kwa jina la Orijino Komedi. Joti, Masanja, Mpoki na wenzao hawakuwa na fomula ngeni. Mwanamume aliyevaa kama bibi kizee, mtu mzima aliyejifanya mtoto, mwigo wa mwanasiasa na wa mwanamuziki: vyote vilikwishafanywa. Walichokuwa nacho ni kundi. Watu kadhaa waliojuana, wanaorushiana wazo, mmoja akikataa la mwenzake hadi lipatikane linalochekesha. Hiyo ndiyo kazi inayofanywa na chumba cha waandishi kwingineko, wawe wanaandika kwenye kompyuta au wamekaa kwenye benchi.

Waandishi wa Marekani walipogoma kuanzia Mei hadi Septemba 2023, siku 148, hawakuandamana wakidai uhuru wa kuvunja kanuni. Walidai malipo, kinga dhidi ya akili bandia, na idadi ya watu chumbani. Mkataba waliopata unasema msimu wenye sehemu 13 au zaidi uwe na waandishi wasiopungua sita, isipokuwa pale mwandishi mmoja anapoandika msimu mzima. Watu wanaoishi kwa kazi hii wanajua kwamba ubora wa kichekesho hupimwa kwa vichwa na wiki. Dan Harmon, aliyeanzisha Community mwaka 2009, alikuwa akichora mduara wa hatua nane kwa kila sehemu: mhusika yuko penye raha, anataka kitu, anaingia asikokujua, hadi anarudi amebadilika. Mduara ule ule, sehemu baada ya sehemu, na ndani yake zikatoka baadhi ya nusu saa za kushangaza zaidi katika runinga ya Marekani. Mduara haukumwambia aandike nini. Ulimwonyesha mapema ni wapi kisa kimelegea, ili wiki iliyobaki aitumie kukikaza.

Kipya kinyemi, ingawa kidonda, na runinga zetu zimejaa vidonda vya aina hiyo: vipindi vilivyozinduliwa kwa mbwembwe, vikiwa na wazo lisilofanana na lolote, vikafa kabla ya msimu wa pili kwa sababu baada ya wazo hapakuwa na dakika 25 za kutazama. Wazo linamalizika kwenye tangazo la uzinduzi. Kuanzia wiki ya tatu mtazamaji anahitaji mtu wa kumfuatilia, shida ya kumhofia na namna mpya ya kuanguka. Hayo hayapatikani bila ufundi, na ufundi hauna pa kushika pasipo kanuni.

Basi wakosoaji wabadilishe swali. Wanapotazama kipindi kilichodorora wasiulize kimefanana na kipi. Waulize nani aliandika, waandishi walikuwa wangapi, na walipewa muda gani. Vituo navyo viweke jina la mwandishi wa skripti mwanzoni mwa kipindi, kwa herufi zinazosomeka, sawa na jina la nyota. Viajiri waandishi wanne kwa kipindi kimoja cha nusu saa, viwape wiki sita kabla ya kamera kuwashwa, na visome skripti kwa sauti mbele ya watu ishirini wa mtaani kabla ya kurekodi, kama Muungano walivyosomwa na ukumbi mzima kila wikiendi. Gharama ya hayo ni ndogo kuliko ya mabango ya uzinduzi. Na mlinzi wa getini na aachwe abaki pale pale alipo. Bado ana mengi anayomficha mkewe.